Maua ya barafu: kwa anayeanza kuyatafuta

Kila Novemba ikikaribia, wenzetu waliohamia majimbo ya Marekani ya Missouri, Arkansas, Kentucky na Texas huniuliza swali lile lile: yale maua meupe ya barafu ambayo picha zake zinazunguka kwenye simu yanapatikana wapi? Jibu langu huwaudhi kidogo, kwa sababu nawaambia wamechelewa kuuliza. Wakati wa kutafuta mimea inayoyatoa ni Septemba, jua likiwa bado linachoma na hakuna anayewaza koti.

Barafu hii haiangukii mahali popote kama theluji. Ni tepe nyembamba zilizojikunja kama petali, zinazotoka ndani ya mashina ya mimea michache sana, na mmea usioujua hutaukuta alfajiri, gizani, majani yake yakiwa yameshakauka na kufanana na magugu mengine yote. Wanaoanza wengi huwinda baridi. Wanaangalia utabiri, wanaamka saa kumi usiku, wanaingia msitu wowote ulio karibu na nyumbani, wanarudi na vidole vilivyokufa ganzi. Baridi waliipata, mmea ndio haukuwapo.

Mmea wa kuanza nao ni Verbesina virginica. Ukitaka kuuulizia kwa wenyeji, sema frostweed, watakuelewa. Ni wa ukoo wa alizeti, ingawa kwa kuutazama usingedhani: maua yake ni madogo, meupe, yamejikusanya juu ya shina lenye urefu wa mita moja hadi mbili. Huchanua kuanzia Agosti hadi Oktoba. Alama isiyodanganya iko kwenye shina. Pande zake zina mbawa, yaani vipande vyembamba vya kijani vinavyoshuka kwa urefu wa shina, na vinabaki hata mmea ukikauka. Zoea kuupapasa kwa kidole wakati wa kiangazi, maana asubuhi ya barafu utakuwa unategemea kidole kuliko macho. Na kama uko Texas mwezi Oktoba, waangalie vipepeo wale wakubwa wa rangi ya chungwa na nyeusi, monarch, wanaopita hapo wakielekea Mexico. Wanapenda sana kunywa kwenye maua haya. Pale walipojazana, simama uangalie mashina.

Hukaa penye kivuli nusu: pembezoni mwa msitu wa mialoni, kandokando ya vijito, kwenye uzio wa zamani ambao hakuna anayeusafisha. Mashine ya kukata nyasi ndiyo adui. Kando ya barabara unaweza kuona kichaka kizuri Agosti, ukarudi Novemba ukakuta pamefyekwa chini kabisa. Chagua mahali ambapo hakuna anayefyeka.

Yupo pia ndugu yake mwenye maua ya njano, Verbesina alternifolia, naye ana mbawa na hutoa barafu. Na kwenye miteremko mikavu yenye mawe huko Ozarks, eneo la milima la Missouri na Arkansas, kuna Cunila origanoides, mmea mdogo wa ukoo wa mnanaa, urefu wake sentimita 20 hadi 40, maua ya zambarau. Sugua jani lake: linanukia oregano, ile wanayonyunyiza kwenye piza. Barafu yake ni ndogo, imekaa karibu kabisa na udongo, na mara nyingi imefunikwa na majani makavu ya mialoni. Usianze na huu. Utaukanyaga kabla hujauona.

Ukishapata kichaka chako, weka alama kwenye ramani ya simu, uondoke. Usifunge vitambaa wala plastiki kwenye miti. Na unapozunguka huko Septemba, vaa suruali ndefu kwa sababu ya kupe, na usiguse mmea wowote wenye majani matatu matatu mpaka mtu akuhakikishie si ule wa sumu, Toxicodendron radicans. Huo umejaa pembezoni mwa misitu ya huku na unawasha kwa wiki kadhaa.

Sasa tuje kwenye barafu yenyewe. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ukielewa inavyotokea huhitaji mtu wa kukuambia lini uende.

Utasikia, na pengine utasoma hata kwenye vibao vya njia, kwamba maji yaliyomo kwenye shina yanaganda, yanatanuka, yanalipasua shina na kumwagika nje. Inaingia akilini haraka, lakini hesabu inaikataa. Maji yakiganda huongezeka ujazo kwa takriban asilimia 9 tu. Shina lenye unene wa kidole litatoa wapi, kwa nyongeza hiyo, utepe wa barafu wenye upana wa sentimita 10? Maji yaliyo kwenye utepe ni mengi kuliko yale ambayo shina lingeweza kuyabeba kwa wakati mmoja. Lazima yanatoka mahali pengine, na mahali penyewe ni ardhini.

Mwishoni mwa vuli hewa hupoa haraka, lakini udongo hukawia. Usiku hewa inashuka chini ya sifuri huku chini, sentimita chache tu kutoka usoni mwa ardhi, mizizi bado iko kwenye udongo wenye unyevu ambao haujaganda. Maji yanapanda kwenye shina, yanapenya kwenye vijia vidogo sana vinavyotoka katikati kwenda pembeni, na yanapofika ukingoni yanakutana na baridi. Hapo yanaganda. Barafu ikishashika huendelea kuvuta maji mengine nyuma yake, na maji hayo mapya yanagandia kwenye kitako cha barafu, si kwenye ncha. Barafu ya mwanzo inasukumwa nje na inayofuata, kwa hiyo ncha ndiyo kongwe na kitako ndicho kichanga, kama unywele. Ganda la shina linapasuka kwa urefu, utepe unatoka, na kwa kuwa upande mmoja hukua haraka kuliko mwingine, unajikunja. Ule mkunjo ndio unaoonekana kama petali.

Kuganda nako hutoa joto kidogo, na joto hilo husaidia maji ya ndani ya shina yasigande mapema. Ni mizani nyembamba. Baridi ikija kali mno kwa ghafla, maji yanaganda ndani kwa ndani, njia inaziba, na unachokuta asubuhi ni shina gumu lisilo na ua.

Jambo hili si jipya. John Herschel, mwanaastronomia wa Uingereza, aliandika mwaka 1833 juu ya barafu aliyoiona kwenye mashina ya mimea, akaona wazi kuwa ni kitu tofauti na jalidi ya kawaida, ile inayotokana na unyevu wa hewani. Mwaka 1850 John LeConte, wa kusini mwa Marekani, akachapisha uchunguzi wake kuhusu mimea iitwayo Pluchea, naye akaeleza kuwa maji hupanda kutoka ardhini. Kwa hiyo ukikuta kibao kinasema shina limelipuka, piga picha yako uendelee na safari. Kubishana na kibao hakuna faida.

Kutokana na maelezo hayo unaweza kujipangia mwenyewe. Mvua ikinyesha siku mbili tatu kabla ya usiku wa baridi, nenda. Udongo ukiwa mkavu kwa wiki nyingi, lala. Usiku wa kwanza wa baridi kali ndio bora kuliko zote, kwa sababu mashina bado ni mazima na barafu inaweza kupanda juu kidogo ya shina. Usiku unaofuata mmea huohuo utatoa tena, lakini kidogo zaidi na chini zaidi, mpaka shina linachanika kabisa au ardhi inaganda. Ardhi ikishaganda, msimu umekwisha, hata kama baridi ndiyo kwanza inaanza. Wageni wengi hunitumia ujumbe Januari wakisema leo ni baridi kuliko siku zote, twende? Hapana, hatuendi.

Missouri kusini usiku huo wa kwanza huja mara nyingi kati ya mwisho wa Oktoba na Novemba. Texas ya kati husubiri zaidi, hata Desemba. Jizoeze nyuzi za Fahrenheit, kwa kuwa utabiri wote wa huku unatumia hizo: 32 ndiyo sifuri yetu, 28 ni kama 2 chini ya sifuri, 20 ni karibu 7 chini ya sifuri. Mimi hutega saa utabiri ukisoma kati ya 20 na 28, mbingu ikiwa wazi na upepo umetulia. Kumbuka kuwa kipimajoto cha utabiri hukaa karibu na kimo cha mtu, na usiku usio na mawingu hewa iliyo chini kabisa huwa na baridi zaidi ya hiyo. Hewa ya baridi pia ni nzito, hutiririka na kujaa mabondeni. Ndiyo maana kichaka cha bondeni kinaweza kuchanua usiku ambao cha kilimani hakikufanya kitu.

Fika kabla jua halijachomoza. Miale ikigusa, utepe huanza kulegea papo hapo, na penye jua la wazi saa tatu au saa nne za asubuhi hakuna kitu. Penye kivuli, au siku ya mawingu, unaweza kupata muda zaidi. Tembea polepole ukiangalia chini, kwenye sentimita 15 za mwanzo za shina. Kwa mbali utadhani mtu ametupa karatasi za chooni msituni. Usiokote. Ni nyembamba mno, joto la mkono linatosha kuiharibu, na pumzi yako pia, kwa hiyo ukiinama kupiga picha pumulia pembeni.

Kuhusu picha, kifupi tu. Simu hupima mwanga wa kitu cheupe vibaya na kukifanya kijivu, hivyo ongeza mwanga kidogo kwa mkono. Tafuta pembe ambayo nyuma ya ua kuna giza. Tochi ndogo ikiangaza kutoka ubavuni au nyuma huonyesha mistari ya ndani ya barafu kuliko taa ya simu inayopiga usoni. Betri huisha haraka kwenye baridi. Weka simu mfuko wa ndani mpaka ufike.

Halafu kuna suala la bunduki, na hapa sitanii. Maeneo mengi ya hifadhi ya jimbo la Missouri yameruhusiwa uwindaji, na msimu wa kulungu kwa bunduki huangukia Novemba, wakati uleule wa maua haya na saa zilezile za alfajiri. Nunua fulana ya chungwa inayong'aa, ni bei ndogo. Mvishe na mtoto. Angalia tarehe za msimu kwenye tovuti ya Missouri Department of Conservation kabla ya kutoka, na ukiona wawindaji wamejaa, chagua bustani ambayo haina uwindaji.

Wengine mtakuwa mmeona ndugu wa barafu hii bila kujua. Wagumu wa Kilimanjaro, yaani wapagazi, na waliolala kambi za juu za Mlima Kenya wanazijua sindano za barafu zinazoinua udongo usiku na kuvunjikavunjika chini ya buti asubuhi. Kanuni ni moja: maji yanapanda kutoka kwenye udongo wenye unyevu, yanagandia kitakoni, yanaisukuma ya zamani juu. Tofauti ni kwamba huko hakuna shina, na baridi ya usiku haingoji majira. Lobelia deckenii, mmea mkubwa wa huko huko, ni hadithi nyingine. Maji yaliyokusanyika katikati ya majani yake huganda juu tu, na utando huo wa barafu huyakinga yaliyo chini pamoja na kichipukizi. Barafu hiyo haikutoka kwenye mmea.

Na mlio Ujerumani au Uswisi, msitafute Verbesina porini. Tafuteni matawi makavu yaliyolala msituni, ya miti yenye majani mapana, yaliyolowa, usiku ambao baridi imepita sifuri kidogo tu. Juu yake huota nywele nyeupe za barafu, laini ajabu. Alfred Wegener, yule wa nadharia ya mabara yanayosogea, aliandika mwaka 1918 akihisi kuna kuvu ndani yake. Mwaka 2015 watafiti wakathibitisha uhusiano na kuvu aitwaye Exidiopsis effusa, ambaye huifanya barafu ibaki kwenye umbo la nywele nyembamba badala ya kuungana.

Wenye yadi huniuliza kama wanaweza kuotesha frostweed nyumbani. Ndiyo, na mmea si mgumu. Tatizo lake ni kwamba hautosheki na nafasi uliyoupa. Husambaa kwa mizizi na kwa mbegu. Panda nyuma ya nyumba, chini ya mti, mbali na barabara, kwa kuwa miji mingi ya huku ina sheria za urefu wa majani na jirani mmoja mwenye hasira anatosha kukuletea barua. Mimi nimeshaletewa. Kata maua yaliyokauka kabla hayajamwaga mbegu kama hutaki yatambae, lakini mashina yaache yamesimama mpaka ardhi igande.