Fimbo haiji na kitu

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nina meza mbili za pool hapa Ngamiani, Tanga, na sasa nauza na fimbo zake. Nimeandika tangazo: "Fimbo hii inakuja na shafti ya kaboni faiba, teknolojia mpya ya brandi kubwa." Rafiki yangu anasema shafti si Kiswahili, niite mpini. Je, ni kweli?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mpini usiseme. Mpini ndipo mkono unaposhika, na kwenye fimbo yako huko ni nyuma, kwenye unene. Ile sehemu ya mbele, nyembamba, ningeiita ufito. Lakini mafundi wa gereji wametuzoesha shafti miaka mingi, basi andika shafti, sitakuja kukuchania bango. Hata Waingereza jina la fimbo hiyo, cue, waliliazima kwa Wafaransa, na asili yake ni "mkia".

Kilichoninyima usingizi ni hiyo "inakuja na".

Inakuja kutoka wapi? Nimeisoma nikaiona fimbo yako imekata tiketi Dar es Salaam, imepita Chalinze, imeteremka Segera kula chipsi, imerudi kwenye basi, Muheza imesinzia, Kange imeshuka usiku na shafti yake kwapani, inamuuliza bodaboda njia ya Ngamiani. Na wewe unaingoja dukani! Kumbe fimbo iko ukutani siku zote, shafti imekazwa humo humo, wala hakuna aliyesafiri.

Sisemi "kuja na" si Kiswahili. Mvua huja na upepo, kwa kuwa vyote viwili vinatujia. Jahazi lilikuja na tende. Shangazi akija na kuku, kuku kaja kweli, tunamsikia. Lakini kitu kikiwa na sehemu yake, lugha ina neno fupi kupita yote: ina. Fimbo ina shafti. Meza ina miguu. Mimi nina hasira. Ugonjwa huu tuliletewa na matangazo ya simu, yaliyofasiriwa na watu wenye haraka. Simu zikaanza kuja na kamera, na siku hizi naona nyumba za kupanga "zinakuja na choo cha ndani". Mpangaji akibanwa kabla choo hakijafika, afanyeje? Kama mnunuzi anapewa na mfuko, sema "inauzwa pamoja na mfuko wake". Mdomo hauumi.

Na "teknolojia mpya" ndiyo ipi? Mwambie mtu anachonunua. Shafti ya zamani ni mti mtupu, ule mgumu uitwao mepo. Miaka ya 1990 kampuni ya Marekani, Predator, ilitoa shafti iitwayo 314, vipande kumi vya mti vilivyogundishwa, ncha yake nyepesi. Ncha ikiwa nyepesi, mpira mweupe ukiupiga ubavuni hauchepuki sana kutoka kwenye njia uliyolenga. Shafti yao ya kaboni, iitwayo REVO, imefuata hesabu hiyohiyo, tena haipindi kwa unyevu kama mti. Kwa hewa yetu ya pwani, hilo peke yake ni tangazo zima, nawe umeliacha ukaandika "teknolojia".

Halafu ni nyuzi za kaboni, si "kaboni faiba". Mkoa huu umeishi kwa nyuzi tangu miche ya mkonge iliposhushwa mwaka 1893. Mtoto wa Tanga akilikosa neno uzi, nani atalipata? Brandi nayo ni kinywaji. Unachotaka wewe ni chapa, ingawa nakiri kwamba kwenye meza za pool vitu hivyo viwili hukaa jirani.

Andika hivi: "Fimbo yenye shafti ya nyuzi za kaboni. Haipindi kwa unyevu. Inauzwa pamoja na mfuko wake." Chini yake taja chapa, na bei.

Mteja akikuuliza inakuja na nini, mwambie fimbo haiji. Aje yeye.