Bei ya Newala si bei ya Mtwara mjini: maswali yenu ya ukarabati

*Shikamoo. Dada yangu yuko Mtwara mjini, kapiga lipu nyumba ya vyumba 3. Yangu ramani ni ileile, lakini fundi kanitajia hela nyingi zaidi. Naibiwa? (Newala)*

Marahaba. Huenda, ila kabla hujamwita mwizi mwambie atenganishe vifaa na ufundi, kila kimoja karatasi yake. Mara nyingi ufundi haupishani sana. Kinachopanda ni vifaa hadi vifike mlangoni. Kiwanda cha saruji cha Dangote kiko Msijute, Mtwara, tangu 2015. Dada yako analetewa na kirikuu, wewe mzigo wako unapanda hadi juu ya uwanda wa Makonde. Mfuko ni kilo 50, kwa hiyo lori la tani 10 hubeba mifuko 200. Likikodiwa, tuseme, kwa shilingi 600,000, kila mfuko umeshaongezeka 3,000. Na ukiagiza mifuko 15 peke yako ndiyo utalia zaidi. Tafuta majirani, mjaze lori pamoja.

Halafu maji, na shida yake Newala hamhitaji kusimuliwa. Lipu inakunywa mara mbili: wakati wa kukoroga, na tena kwa kumwagiliwa siku kama 7 isikauke ghafla. Nimewahi kugonga ukuta huko juu ukalia kama debe tupu, na nyufa nyembamba zimetambaa kama utando wa buibui. Mwenye nyumba alibana madumu ya maji, sasa anabandua na kuanza upya. Maji yawe na mstari wake kwenye bajeti.

*Saruji tunayo jirani. Mbona vigae Lindi bado ghali? (Lindi mjini)*

Kwa sababu havitoki upande huo. Viwanda vya vigae viko mkoa wa Pwani, Mkuranga na Chalinze. Ni vizito, vinavunjika njiani, na barabara ikikatika, kama ilivyokuwa Somanga mvua za 2024, duka linauza kilichobaki kwa bei linayotaka. Nunua kiangazi, na uongeze boksi moja la akiba.

*Fundi anataka bati geji 28, mimi nimezoea 30. Anataka kunikamua? (Mikindani)*

Msikilize. Namba ikipungua bati linanenepa, na kwenu upepo wa bahari unaleta chumvi usiku na mchana. Shemeji yako wa Masasi, mbali na bahari, anaweza kutumia 30 akazeeka nayo. Wewe kutu itaanzia kwenye misumari. Usikubali pia mchanga wa ufukweni hata ukipewa bure. Chumvi yake hutoka ukutani kama unga mweupe na rangi inabanduka.

*Nikarabati kabla au baada ya kuuza korosho? (Tandahimba)*

Ukisubiri malipo utakuwa umesubiri na wilaya nzima. Minada ikianza Oktoba hela zinaingia, kila mtu anataka kupaua, na fundi mmoja ana nyumba 5, anakuja kwako asubuhi, mchana hayupo. Baada ya hapo mvua. Kama ulibakiza kitu msimu uliopita, anza Julai: mafundi wako kijiweni, na bei ya ufundi inazungumzika. Ila usikopee korosho ambayo bado ni ua.