Usimpe mbwa dawa ya mafua kwa sababu tu ina Piriton ndani

Hiyo chupa irudishe kabatini kwanza, ndipo tuzungumze. Umeandika kwamba mbwa wako wa kilo 12 anajikuna usiku kucha tangu mvua zianze huko Bamburi, kwamba nyumbani mna dawa ya maji ya mafua iliyobakia ya mtoto, kwamba umesikia ndani yake mna dawa ya mzio, na sasa unataka kujua umpe vijiko vingapi, umwogeshe kwa sabuni gani, na kama vichwa vya samaki anavyolishwa ndivyo vinavyomletea mwasho. Waliokujibu kabla yangu wameshaanza kubishana kuhusu idadi ya vijiko. Hakuna hata mmoja aliyekuuliza nyuma ya chupa pameandikwa nini, na swali hilohilo, ambalo nami sikuulizwa na mtu, nusura liniulie mbwa.

Mbwa wangu, Simba, alikuwa na uzito kama wa mbwa wako. Nilikwenda duka la dawa la mtaani, hapa Likoni, Mombasa, kutafuta Piriton ya kawaida, yaani dawa ya mzio iitwayo klorfeniramini, peke yake. Kijana wa kaunta, ndani ya koti jeupe lililonyooshwa kwa pasi kuliko maarifa yake, akaniambia imekwisha, lakini ipo hii ya mafua ambayo “ndani ni Piriton ileile, tena kali zaidi.” Nilimwambia waziwazi kwamba mgonjwa ni mbwa. Akacheka, akasema mwili ni mwili. Uongo hakusema, maana klorfeniramini ilikuwamo kweli. Ila ilikuwa abiria mmoja ndani ya matatu iliyojaa. Pembeni yake walikuwamo parasetamoli, kafeini, na dawa ya kuzibua pua iitwayo sudoefedrini, miligramu 60 katika kila kidonge. Pua ya Simba haikuwa imeziba hata kidogo. Kilichoziba siku ile kilikuwa macho yangu, na mtu asinicheke kabla hajasoma pakiti zilizomo kabatini mwake.

Sasa fanya hesabu ambayo yule kijana hakuifanya. Kwa mbwa, sudoefedrini huanza kuleta dalili nzito panapofika miligramu 5 hadi 6 kwa kila kilo ya mwili wake, na kwenye 10 hadi 12 inaweza kumuua. Ukigawanya 60 kwa 12 unapata 5, maana yake kidonge kimoja tu kilikuwa kimeshamfikisha pabaya. Nami, kwa kuona bado anajikuna, nikamwongezea nusu.

Alianza kwa kuzunguka ua, ukutani hadi langoni, langoni hadi ukutani, bila kutulia. Mboni zake zilipanuka hata rangi ya kahawia ya macho ikabaki uzi mwembamba pembeni. Nilipomgusa alikuwa wa moto, anatweta ulimi nje, na moyo ulimpiga kiasi cha kuonekana ukitikisa ngozi juu ya mbavu. Na kati ya mzunguko mmoja na mwingine alikuwa anasimama kujikuna, ili nisije nikadhani kwamba dawa ilikuwa imefanya kazi niliyoinunulia. Daktari wa mifugo aliyepokea simu alikuwa ng’ambo, kisiwani Mombasa, kwa hiyo tulipanga foleni ya feri tukiwa ndani ya tuktuk, mimi nikimlowanisha tumbo na nyayo kwa maji ili joto lishuke, na watu wakituachia nafasi kubwa kwa kudhani ana kichaa cha mbwa. Alilazwa, akatundikiwa dripu, akachomwa sindano ya kumtuliza, na moyo wake ukafuatiliwa mpaka asubuhi, kwa sababu dawa hiyo haitoki mwilini upesi. Alipona. Bili sitaitaja, ila ingewanunulia mbwa wote wa mtaa wetu dawa ya viroboto, na wangebaki na chenji.

Viroboto nimewataja kwa makusudi. Asubuhi ile daktari alichukua kitana chenye meno ya karibu, akachana manyoya ya mgongoni karibu na mkia, akadondoshea uchafu mweusi uliotoka juu ya karatasi nyeupe iliyolowa maji. Zile chembe nilizozidhania kuwa mchanga wa pwani zikaanza kutoa rangi nyekundu ya kutu: ni kinyesi cha viroboto, damu ya Simba mwenyewe iliyoyeyushwa tumboni mwao. Mbwa mwenye mzio wa mate ya kiroboto hujikuna sana kwa kuumwa mara chache tu, na hali yetu ya joto na unyevu mwaka mzima ndiyo wanayoipenda. Kwa hiyo hata kama yule kijana angenipa Piriton safi, ningekuwa ninampa dawa huku chanzo cha mwasho kikiendelea kutaga mayai kwenye gunia analolalia.

Kanuni yangu ni moja, na nitaendelea kuirudia mpaka mnichoke: dawa ya mzio ya binadamu isikaribie mdomo wa mbwa mpaka umesoma nyuma na kukuta kiambato kimoja tu kinachofanya kazi. Kikiwa na mwenzake, iache dukani. Sudoefedrini kwenye lebo huanza na herufi P isiyotamkwa, hivyo usiitafute kwenye S. Na yako wewe ni ya maji tena, jambo linalonitisha zaidi, kwa kuwa dawa nyingine za maji zilizoandikwa kuwa hazina sukari hutiwa utamu wa zailitoli, inayoanza na herufi X, ambayo kwa mbwa hushusha sukari ya damu ghafla kuanzia kiasi cha gramu 0.1 kwa kila kilo, na ikizidi huharibu ini. Wenye paka nao wasisome hapa wakaondoka na wazo jipya, kwani kidonge kimoja cha parasetamoli kinatosha kumuua paka.

Ukipata iliyo peke yake, kama setirizini, madaktari wengi hutumia takriban miligramu 1 kwa kila kilo mara moja kwa siku, lakini daktari wako ndiye athibitishe, hasa ikiwa mbwa ana kifafa, ana presha ya macho, au anatumia dawa nyingine. Usitarajie makubwa. Histamini, ile kemikali ya mwili inayozuiwa na dawa hizi, siyo inayobeba mzigo mkubwa wa mwasho kwa mbwa kama ilivyo kwetu, ndiyo maana wengi wao husinzia tu na kuendelea kujikuna, na wale wachache wanaosaidika husaidika zaidi wakipewa kabla mwasho haujapamba moto.

Mwenzetu aliyeshauri maziwa “ya kukata sumu” naomba aufute ushauri huo, na wa maji ya chumvi ya kumtapisha aufute mara mbili, kwa sababu chumvi nyingi ni sumu nyingine juu ya ile ya kwanza. Ikiwa umeshampa hata kijiko kimoja wakati tunabishana hapa, usisubiri dalili. Mpigie daktari wa mifugo sasa hivi, na ukienda chukua chupa pamoja na kasha lake, hata kama ni tupu, maana atataka kujua viambato vyote, kiasi ulichompa na saa uliyompa.