Inveta ya mota inatoa volti kidogo? Uliza hezi kwanza

Kwenye karakana zetu za Kariobangi, Nairobi, inveta nyingi zinazoletwa, yaani vifaa vya kuendesha mota ya feizi tatu na kubadilisha kasi yake, ni za mashine za posho na pampu za visima. Mwenyewe keshapima, kaona volti 160, kaamua transista zinazotoa umeme wa mota zimekufa. Kabla sijashika bisibisi humuuliza: ulipima ikiwa kwenye hezi ngapi?

Inveta hupandisha volti sambamba na hezi, yaani mizunguko ya umeme kwa sekunde. Iliyopangwa itoe volti 400 kwa hezi 50 itatoa kama 160 kwa hezi 20, na hapo haina ugonjwa wowote. Ipandishe hadi 50 ndipo usome. Bado pungufu? Ingia kwenye mipangilio. Nyingine hutoka kiwandani zimepangwa zifikie volti kamili kwenye hezi 60, kwa hiyo ukiiendesha kwa 50 volti zinapungua kwa moja ya sita. Hali ya kuokoa nishati nayo, mezani bila mzigo, hupunguza volti kwa makusudi.

Halafu kuna ubishi usioisha: inveta ya kawaida inayolishwa stima ya nyumbani, volti 240, haikupi 415. Itakupa feizi tatu, lakini kila mbili zitasoma 240 au chini. Mota iliyoandikwa 230/400 ifunge delta (koili tatu zikiungwa pembetatu), ambayo ndiyo ya volti 230.

Mita nayo ichunguzwe. Kinachotoka kwenye inveta ni mapigo maelfu kwa sekunde, na mita za bei rahisi hubabaika hapo. Tumia yenye kichujio cha kazi hii. Huna? Funga star ya balbu tatu za waya za volti 240, wati sawa, yaani ncha moja ya kila balbu iungane pamoja na nyingine iende kwenye feizi yake, ulinganishe mwanga.

Pima kati ya vituo vya kutokea umeme wa mota: U-V, V-W, W-U. Zikiwa sawa ila ziko chini, usikimbilie transista. Mguu mmoja (transista za kituo kimoja) ukiwa mbovu, usomaji wa jozi mbili ndio huharibika, na mguu ulio kwenye jozi zote mbili ndio wa kufunguliwa.

Sasa nenda kwenye kapasita kubwa, kati ya chanya na hasi. Stima ya 240 hukupa takriban volti 340 za DC. Ya 415 hukupa kama 585. Pima mota ikiwa imesimama, kisha ikizunguka na mzigo, maana rilei ya kuchaji, inayoruka kizuizi cha kuchajia kapasita polepole, isiposhika kila kitu huonekana kizuri hadi mzigo uingie, ndipo volti zinaporomoka. Balbu ya kinga, ile fundi anayoipitishia stima ya kuingia ili kuzuia mkondo mkubwa, huleta dalili hizohizo, kwa hiyo iondoe kwanza kabla ya kulaumu rilei.

Ukizima, subiri dakika kumi, kisha upime tena kabla ya kugusa. Taa ya mbele kuzimika si ushahidi kwamba kapasita zimeisha chaji.

Ikiwa kweli ni moduli (kipande kimoja chenye transista zote), na inveta ni ndogo ya kilowati moja na nusu hivi, mara nyingi hailipi kuitengeneza. Mpe mteja bei zote mbili, ya moduli na ya inveta mpya, kabla hujaanza kulehemu.