Mabaka ya fedha juu ya kitambaa

SWALI: Ninaunda modeli ya ndege ya kivita aina ya Hurricane Mk I, skeli ya 1:48. Nimechagua mojawapo ya zile za Jeshi la Anga la Afrika Kusini zilizoruka kutoka viwanja vya Kenya mwaka 1940 na 1941. Kiwiliwili na mabawa nimekwisha kuviunganisha, na chumba cha rubani kimekamilika isipokuwa mikanda ya kiti. Sasa nataka kuongeza vitu vidogo vidogo ili ndege ionekane imetumika vitani. Katika video niliyoitazama, fundi alichimbua upya mistari yote ya maungio, akapitisha gurudumu la meno ili kuweka alama za ribiti kila mahali, akajaza mistari rangi nyeusi, kisha akadonadona rangi ya fedha kwa sponji mwili mzima. Je, nifuate utaratibu huo, na ni rangi nyeusi ya aina gani inayofaa? (Msomaji, Nakuru)

JIBU: Hakuna rangi nyeusi inayofaa. Kabla hujalishika hilo gurudumu la meno, ningeomba uipeleke modeli yako dirishani, uielekeze ili mwanga uipige kwa ubavu, kisha uitazame kuanzia nyuma ya chumba cha rubani hadi mkiani. Ile mistari mirefu iliyoinuka kidogo si maungio ya mabati. Ni fito za mbao zilizofunikwa kwa kitambaa cha kitani. Hurricane, iliyoruka kwa mara ya kwanza Novemba 1935, ilizaliwa wakati uundaji wa ndege ukihama kutoka kitambaa kwenda bati, nayo ikabeba vyote viwili: ndani ina mifupa ya mabomba ya chuma, mbele ina mabati yanayofunguliwa ili mafundi waifikie injini, lakini sehemu ya nyuma ya kiwiliwili, pamoja na usukani wa mkiani, ni kitambaa kilichopakwa dawa ya kukikaza mpaka kikalia kama ngozi ya ngoma. Humo hamna mstari wa ribiti wa kutoboa. Wala chini ya rangi hamna bati la kung'aa. Kitambaa hicho kikikwaruzwa hadi ndani huchanika, na kikichanika hubandikwa kiraka.

Nasema haya kwa sababu modeli yenye mabaka ya fedha juu ya kitambaa huletwa mezani kwangu mara kwa mara, na mwenye nayo huniuliza kwa nini haionekani kama ndege ya kweli ilhali ameongeza kila alichoambiwa aongeze. Ya mwisho ilikuwa Hurricane kama yako. Maungio yalikuwa safi, kioo cha rubani kilikuwa angavu bila alama ya gundi, na ilionekana wazi kwamba mtu huyo ana mikono mizuri kuliko yangu nilipoanza. Lakini nilipopitisha ukucha juu ya bawa, ulikwama katika kila mstari, na kwenye ubavu wa nyuma, mahali ambapo pangetosha kivuli chepesi kati ya fito na fito, alikuwa amedonadona fedha kana kwamba ndege imenyeshewa mvua ya chokaa. Haikuwa modeli mbovu iliyokosa vitu vidogo. Ilikuwa modeli nzuri iliyoharibiwa navyo.

Piga hesabu, maana hesabu hii wauza video hawaigusi. Katika skeli ya 1:48, mstari wenye upana wa milimita 0.2 ni sawa na ufa wa karibu sentimita 1 kwenye ndege halisi. Ukiuchimbua tena ukafikia milimita 0.4, umempa rubani ufa wa karibu sentimita 2, na hapo kidole gumba kinaingia. Ribiti yenye kichwa cha milimita 6 inapaswa kuwa na upana wa milimita 0.125 kwenye modeli yako, na tundu linaloachwa na magurudumu mengi ya meno ni kubwa kuliko hapo. Zaidi ya yote, modeli ukiishika sentimita 30 kutoka machoni, ni sawa na kusimama mita 14.4 kutoka kwenye ndege yenyewe. Nenda stendi ya mabasi hapo Nakuru, simama hatua kumi na tano au zaidi kutoka kwenye basi lolote, kisha ujaribu kuzihesabu ribiti za bodi yake. Utakachokiona ni mlango ulipo, vumbi lilipotulia na mafuta yalipochuruzika. Ndivyo macho yanavyoiona ndege, na ndivyo modeli inavyopaswa kuonekana.

Kwa hiyo mistari uliyopewa na kiwanda iache kama ilivyo, isipokuwa ile iliyofutika ulipopiga msasa kwenye maungio. Paka vanishi ya kung'aa, iache ikauke vizuri, kisha tumia rangi ya mafuta ya kahawia iliyochanganywa na kijivu na kuzimuliwa sana kwa tapentaini ya wachoraji. Igusishe tu mahali panapofunguka au panaposogea: vifuniko vya injini, milango ya bunduki juu ya mabawa, na mipaka ya sehemu zinazochezacheza nyuma ya bawa. Futa iliyozidi kwa kitambaa laini kutoka mbele kwenda nyuma, kwa kuwa upepo nao hupita hivyo. Maungio mengine yasiyofunguliwa kamwe hayana sababu ya kukusanya uchafu mweusi, na ukiyajaza yote kwa rangi moja, ndege inageuka kuwa kitenge cha mirabaraba.

Rangi huchubuka palipo na kiatu, bisibisi au kokoto. Kwenye Hurricane maana yake ni shina la bawa la kushoto, ambako rubani na mafundi walipandia, kingo za mabati ya injini yaliyofunguliwa kila siku, na kidogo kwenye ncha ya mbele ya mabawa. Penseli ya rangi ya fedha iliyochongwa sana inatosha; gusa, rudi nyuma, tazama, kisha uache. Kama unataka kuonyesha Kenya, usiitafute ndani ya chupa ya fedha. Itafute katika vumbi: unga wa chaki wa rangi ya udongo, mwepesi, kwenye matairi, ndani ya milango ya magurudumu na chini ya tumbo.

Muda uliokuwa uutumie kwa ribiti utumie kwenye ukingo wa nyuma wa mabawa. Plastiki nyingi pale ina unene wa nusu milimita, yaani milimita 24 kwenye ndege halisi, ilhali bawa la kweli huishia kwa ukingo mwembamba sana. Kwa kuwa umekwisha kuunganisha, piga msasa kutoka upande wa chini, taratibu, ukitumia maji. Hakuna atakayekusifu kwa kazi hiyo, kwa maana hakuna atakayeijua, lakini kila atakayeishika modeli ataona kwamba si ya plastiki nene.

Bunduki nazo zina balaa lake. Hurricane Mk I ilikuwa na Browning nane, nne kila bawa, zenye mdomo wa milimita 7.7. Ukitoboa tundu la milimita 1 umeunda mzinga wa milimita 48, silaha ambayo Hurricane hii haikuwahi kubeba. Njia iliyo sahihi ni rahisi zaidi. Matundu ya bunduki yalizibwa kwa viraka vya kitambaa kabla ya ndege kuruka, navyo vilitobolewa na risasi za kwanza. Kata karatasi nyembamba ya kusokotea sigara, ibandike kwa vanishi, ipake rangi. Kisha uamue: ama viraka ni vizima na chini ya bawa ni safi, ama vimechanika na masizi yamefuata nyuma yake. Viraka vizima pamoja na masizi meusi ya mapigano ni jambo ninaloliona kila mwezi, na sijui risasi hizo zilipitia wapi.

Kuhusu mikanda ya kiti, mkanda wa sentimita 5 unakuwa na upana wa milimita 1 hivi. Ukitumia ile ya shaba, ipitishe kwanza juu ya mwali wa mshumaa mpaka ilainike, ndipo uilaze kitini kama nguo iliyotupwa. Shaba isiyolainishwa hubaki imesimama kama utepe wa mshindi.

Nisiishie kwenye Hurricane, kwa kuwa kosa hili halina aina ya ndege. Nimeona Mosquito zilizojaa mabaka ya bati juu ya mabawa, ilhali Mosquito iliundwa kwa mbao: kiwiliwili chake ni plaiwudi na mti mwepesi wa balsa katikati. Nimeona Mustang za P-51D ambazo mabawa yake yametobolewa ribiti safu kwa safu, wakati kiwandani sehemu ya mbele ya bawa lile ilijazwa puti, ikapigwa msasa na kupakwa rangi ya fedha, kwa kusudi hasa la kuzificha ribiti hizo ili hewa iteleze. Kwa upande mwingine, ndege nyingi za Jeshi la Nchi Kavu la Japani zilipakwa rangi juu ya aluminiamu tupu bila praima, yaani rangi ya msingi ya kuishikiza ile ya juu, nazo kweli zilibanduka vipande vipande; anayeunda ndege hizo akaogopa kubandua rangi naye amekosea. Yule fundi wa video anakupa utaratibu mmoja kwa ndege zote tatu, kwa sababu anauza chupa, na chupa ni ileile. Hakuuliza ndege yako ilifunikwa kwa kitu gani, nani aliikanyaga, wala ilikaa kiwanjani muda gani. Maswali hayo yanajibiwa na picha za wakati ule, na picha moja yenye ukungu ya ndege hiyohiyo unayoiunda inakufaa kuliko video ishirini za modeli za watu wengine, ambao nao walitazama video.

Mwisho ni waya wa redio, ikiwa picha ya ndege yako inaonyesha uliofungwa kutoka kwenye mlingoti hadi juu ya usukani. Usitumie uzi wa cherehani. Uzi wa milimita 0.3 ni kamba ya jahazi katika skeli hii. Kata kipande cha ile fremu ya plastiki iliyokuwa imeshikilia vipande vya modeli, kizungushe juu ya mshumaa bila kukichoma, na kikianza kulegea kiondoe motoni, uvute ncha zote mbili kwa mwendo mmoja mpaka upate unywele. Ufunge baada ya vanishi ya mwisho kukauka, kwa tone la gundi kila upande, na usijali ukilegea. Washa kijiti cha udi, kipitishe chini yake kwa umbali wa sentimita moja hivi, nao utajikaza wenyewe mbele ya macho yako. Ukikisogeza karibu zaidi utakatika, na itabidi urudi kwenye mshumaa.