Mchicha wa njano, maranda na chupa ya busta

SWALI: Habari za kazi, bwana shamba. Mimi ni mwalimu wa Elimu ya Kujitegemea katika shule ya msingi, Kongwa. Mwezi uliopita wanafunzi walitengeneza matuta ya mchicha na chainizi. Samadi hatukuwa nayo, tukachimbia viroba kadhaa vya maranda kutoka kwa seremala pamoja na mabua ya mahindi. Sasa mboga zimedumaa na majani ya chini yamekuwa ya njano. Muuzaji wa pembejeo anatushauri busta, yaani mbolea ya maji ya kupuliza kwenye majani, tupulize kila wiki. Kamati ya shule iko tayari kuchanga. Tununue chupa ngapi?

JIBU: Hata moja msinunue, mwalimu. Jibu umeshaliandika mwenyewe, pale ulipotaja maranda.

Maranda yakichanganywa na udongo, vijidudu vinavyoozesha huyavamia. Kazi hiyo inataka naitrojeni, kirutubisho kinachokuza majani, na maranda hayana ya kutosha: kaboni yake huizidi naitrojeni mara mia kadhaa, wakati rundo zuri la mboji huanza na mara 25 hadi 30. Kwa hiyo vijidudu vinaichota kwenye udongo, na mchicha unabaki bila kitu. Mmea uliokosa huondoa naitrojeni kwenye majani ya zamani na kuipeleka kwenye machanga, ndiyo maana njano yenu imeanzia chini. Ingeanzia juu ningefikiria upungufu wa chuma, na hayo yangekuwa mazungumzo mengine.

Mchicha uliodumaa hivyo ung'oeni, ni zao la wiki chache tu. Chainizi inaweza kuokolewa. Kwangueni maranda mnayoweza kuyafikia kwa reki, muyarudishe juu ya tuta kama matandazo. Yakikaa juu hayapori naitrojeni kama yakichimbiwa. Kisha nyunyizeni mbolea ya urea, vizibo viwili vya soda kwa kila mita ya mraba, mbali na shina, mfukie na kumwagilia. Kabla ya kupanda tena, changanyeni samadi iliyooza vizuri, ile isiyo na joto wala harufu kali. Kongwa ni nchi ya ng'ombe. Samadi hamkuikosa, hamkuiomba.

Sasa hiyo busta. Tuseme chupa ina asilimia 20 ya naitrojeni, na muuzaji anasema mililita 40 kwa pampu ya lita 16. Pampu nzima hapo ina gramu 8 za naitrojeni. Vizibo viwili vya urea, yaani kama gramu 10, vina gramu 4.6. Mnabeba lita 16 mgongoni kupuliza shamba zima chakula kisichotosha mita mbili za mraba! Mbolea ya majani ina kazi yake pale zinki au chuma vinapopungua na mtu anayejua akathibitisha. Kulisha tuta zima haiwezi, na anayewaambia inaweza anauza chupa.

Kinachoniudhi zaidi ni somo lenyewe. Mtoto akijifunza kwamba mboga hutoka kwenye chupa, atarudi nyumbani kumwomba mama hela ya chupa, wakati nyuma ya jiko kuna mbuzi wawili na jalala la majivu na maganda. Wekeni matuta matatu madogo: moja la samadi, moja la maranda yaliyochimbiwa, moja tupu. Watoto wapime urefu wa mchicha kila Ijumaa. Hakuna busta inayofundisha hivyo.

Tena muuzaji huyo haishii hapo. Wadudu wakitoboa chainizi atarudi na "dawa", mara nyingi imemiminwa kwenye chupa ya maji ya kunywa, haina lebo, kipimo ni kifuniko. Hizi ninazikuta kwenye minada kila msimu. Bila lebo hujui kiambato, hujui ukanda wa rangi unaoonyesha ukali wa sumu, hujui siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Na mchicha wa shule unachumwa asubuhi, saa saba uko kwenye sahani ya mtoto wa darasa la pili. Julai 2013, katika jimbo la Bihar, India, watoto 23 walikufa baada ya kula chakula cha shule kilichopikwa kwa mafuta yenye monokrotofosi, kiuatilifu (sumu ya kuua wadudu). Hapo sumu haikupuliziwa hata kwenye mboga. Uchunguzi uligusia mafuta kuwekwa kwenye chombo kilichokuwa cha sumu.

Kwa hiyo kwenye bustani ya watoto msimamo wangu ni mkali: sumu isiingie. Jani lenye matundu linalika. Viwavi waokoteni kwa mkono asubuhi, vidukari waosheni kwa maji na sabuni kidogo. Najua wakaguzi na wageni wanapenda majani yanayong'aa kwenye picha, lakini si wao wanaokula. Kama shule ina kiuatilifu cha shamba la mahindi, kiwe kwenye chombo chake chenye lebo inayoonyesha kimesajiliwa na TPHPA (Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania), kifungiwe mbali na stoo ya chakula, na mwanafunzi asishike pampu. Chombo kikiisha kisuuzwe mara tatu na kutobolewa siku hiyohiyo, kabla mpishi hajakiona kinafaa kuwekea mafuta.