Wanaanza 40, wanabaki 11: bendi ya shule inavujia wapi?

SWALI: Nafundisha muziki katika shule ya upili ya kutwa, kaunti ya Vihiga. Kila Januari wanafunzi wapya kama 40 hujiandikisha kwenye bendi. Ikifika Juni nabaki na 11, na nusu yao ni wapiga ngoma. Tuna ala 18 za kupuliza, nne hazitoi sauti. Niwavute vipi, na nifanye nini wasitoroke?

JIBU: Mwalimu, kuwavuta unaweza; 40 kwa mwaka si haba. Wanakuponyoka Juni, lakini chanzo ni Januari. Ala 14 nzima haziwatoshi wanafunzi 40. Mtoto akija mazoezini mara tatu akishinda ameketi kutazama wenzake, mara ya nne haji, na huwezi kumlaumu. Andikisha 28 wa kupuliza, wawili kwa kila ala, na wanne wa ngoma. Waliosalia wape nafasi kwenye orodha ya kungoja. Mmoja akiacha wiki ya tatu, mwingine anaingia siku hiyo hiyo.

Wanaogawana ala wapange kwa siku: mmoja Jumatatu na Jumatano, mwenzake Jumanne na Alhamisi. Ijumaa wanakuja wote, mmoja akipuliza mwingine anahesabu midundo na kufuata nota kwa kidole. Kila mmoja awe na kipulizio chake, yaani kile kipande kinachoguswa na midomo. Kama hakuna cha pili, kioshwe kwa sabuni na maji ya uvuguvugu kabla ya kubadilishana. Maji ya moto yaepuke, kwani kipulizio cha klarineti kilichotengenezwa kwa eboniti, yaani mpira mgumu, hubadilika rangi na kinaweza kupinda.

Kabla hujaomba pesa za ala mpya, zikague hizo nne. Tarumbeta ikikataa kupitisha hewa kabisa, mara nyingi si mbovu: mtu alitoa vali, zile pistoni zinazobonyezwa kwa vidole, kuzisafisha akazirudisha mahali pasipo pake. Kila vali ina namba, 1, 2 na 3, na ya kwanza ndiyo iliyo karibu na mpulizaji. Irudishe kwenye tundu lake, izungushe polepole hadi usikie inanasa, kisha kaza kifuniko. Vali zinazokwama zimekosa mafuta, au zimepakwa mafuta ya kupikia, ambayo hugandamana. Zioshe, zipanguse kwa kitambaa kisicho na nyuzi, kisha tia matone matatu ya mafuta ya vali. Kipulizio kilichokwama usikivute kwa koleo, utapinda mrija mzima. Kuna kifaa maalumu cha kukitoa. Tromboni yenye slaidi (ule mrija wa kuvuta) iliyobonyea ndiyo ya kumpelekea fundi. Hiyo usijaribu nyumbani.

Sasa kugawa ala. Ukiwaachia wachague kwa macho, wote watataka saksafoni, tarumbeta na ngoma. Weka siku ya majaribio, dakika 10 kwa kila mtoto: apulize kipulizio cha tarumbeta, cha yufoniamu (ala ya shaba kubwa kuliko tarumbeta, yenye sauti nzito), kisha cha klarineti. Pale anaposhika sauti moja bila kuyumba kwa sekunde tano ndipo mahali pake. Wa tromboni mpime mkono, afikie nafasi ya sita ya slaidi bila kupinda bega. Wa klarineti aanze na ridi, yaani kile kijiti chembamba kinachotetema kwenye kipulizio, namba 2 au 2 na nusu. Namba 3 humchosha midomo.

Vihiga una hazina ambayo shule nyingi hazina: watoto waliolelewa kwenye bendi za Jeshi la Wokovu. Watafute kwanza, lakini chunga jambo moja. Katika bendi zile karibu ala zote, hata yufoniamu na besi, husomwa kwa ufunguo wa G, ile alama ya mwanzo wa mistari ya nota inayotumika kwa sauti za juu. Ukimpa mtoto wa yufoniamu karatasi ya ufunguo wa F, ule wa sauti nzito, yule aliyekuwa hodari kanisani anageuka mwanagenzi mbele ya wenzake, na wiki ya pili humuoni. Muziki mwingi wa bendi za shule huuzwa na karatasi ya yufoniamu ya ufunguo wa G pia. Mpe hiyo, ule mwingine ajifunze polepole.

Wiki mbili za mwanzo ni noti ndefu tu. Zikifuatwa na noti tano: B-flati, C, D, E-flati na F za piano, ambazo kwa tarumbeta huandikwa C, D, E, F na G. Wiki ya nne wafundishe wimbo wanaoujua unaotosha ndani ya noti hizo tano, na wiki ya sita waupige kwenye paredi ya Ijumaa, hata kama ni dakika moja na nusu. Hapo ndipo isukuti, ngoma ya Waluhya, inaingia: wapiga ngoma wako wanapata kazi ya maana, na shule nzima inacheza.

Muhula wa pili ndio unaokumaliza, kwa sababu tamasha za muziki huanza na nguvu zote zinaenda kwa wapigaji hodari. Wapya wanabaki bila kazi miezi miwili. Waandikie sauti ya tatu yenye noti ndefu ndani ya kipande hicho hicho cha tamasha. Kuhusu wazazi, shule ni ya kutwa, basi mazoezi yaishe saa kumi na dakika arobaini, si saa kumi na mbili. Makundi madogo yakutane dakika 25 baada ya chakula cha mchana. Ratiba hiyo wapelekee kwa maandishi; mzazi anayejua saa ya kurudi hagombi.

Na yule anayehangaika na tarumbeta, noti za juu zikimkataa, usimwondoe. Mpe yufoniamu ya ufunguo wa G: vidole ni vile vile, kipulizio ni kipana, na sauti huja kwa urahisi. Mhamishe kabla ya likizo ya Aprili, apate wiki mbili tatu za kuizoea kabla ya muhula wa tamasha.